Risasi za bei nafuu zikigoma: dalili, vyanzo na la kufanya

Bunduki ikigoma huku imepakiwa risasi za bei ya chini, hukumu hutoka palepale: risasi mbovu. Pengine ni kweli. Lakini pia hutokea boksi hilohilo likapewa mlengaji wa meza ya pili, likalia lote bila kusita, na aliyelilaumu akabaki anakuna kichwa. Mwongozo huu unakusaidia kutofautisha hali hizo mbili, na kujua ni wakati gani uache kuchunguza na uiweke bunduki chini.

Bei ikishuka, kinachopungua kiwandani aghalabu ni ulinganifu kati ya risasi moja na nyingine, zaidi ya nguvu yenyewe. Baruti hupimwa harakaharaka, ukaguzi hupunguzwa, ganda la shaba ya njano hubadilishwa na la chuma au alumini, na kichwa kinachoruka huwa cha madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta, au hufunikwa kwa chuma laini kilichopakwa shaba nyekundu juu yake. Kila punguzo lina dalili zake, na ushahidi mwingi umo katika vitu ambavyo wengi huvifagia: maganda yaliyotumika na risasi zilizokataa kulia. Usitupe chochote kabla hujakitazama.

## Kwanza sauti

Dalili tatu huanzia sikioni, na zote tatu zinataka uchukue hatua kabla ya kutafakari.

Umefyatua, umesikia nyundo ikigonga, kisha kimya. Shikilia bunduki kama ilivyo, mtutu ukielekea shabaha, na uhesabu sekunde 30 kamili. Wapo wanaongoja dakika nzima, nami siwacheki. Ndipo utoe risasi, uso ukiwa mbali na nyuma ya chemba, pale risasi inapokaa ikipigwa, na mkono usikingame mbele ya tundu la kutolea maganda. Sababu ni kwamba fataki, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, huenda imewaka kivivu na baruti ikashika moto kwa kuchelewa. Kwa kawaida ucheleweshaji huo ni wa sehemu ya sekunde tu, lakini risasi ikilipuka nje ya chemba hakuna kinachoshikilia ganda. Hupasuka na kurusha vipande, na aliye karibu zaidi ni wewe.

Mlio uliokuja kwa kuchelewa, yaani nyundo imegonga, ukahisi pengo, halafu ikalia, una sababu zilezile: fataki dhaifu, au unyevu ulioingia kwenye baruti. Hapa sishauri kumaliza boksi "ili lisipotee". Ukiona mbili za namna hiyo katika boksi moja, lifunge uliweke kando.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: badala ya mlio wa kawaida, unasikia "pufu". Bega halisukumwi, au linaguswa kidogo tu. Kilichotokea ni kwamba fataki imewaka lakini baruti haikuwamo, au ilikuwa kidogo mno, au haikushika moto. Nguvu ya fataki peke yake inatosha kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha kimekwama humo. Risasi inayofuata ikikuta kizuizi hicho, mtutu huvimba au hupasuka. Kwa hiyo simama. Toa magazini, kile kisanduku cha risasi, fungua chemba, hakikisha hamna risasi, kisha uangalie kama mwanga unapita mtutuni au upitishe fimbo ya kusafishia. Fimbo ikigonga kitu, bunduki iende kwa fundi. Usijaribu kukitoa kichwa kilichokwama kwa kupiga risasi nyingine nyuma yake. Ni jambo ambalo watu hulifanya kweli, wakidhani risasi itaisukuma mwenzake.

Hatari hapa huongezwa na mazoea mazuri. Waliojifunza ulengaji wa mashindano hufundishwa kwamba bunduki ikigoma ugonge magazini, ukoki, uendelee. Mkono hufanya hivyo kabla akili haijauliza sauti ile ilikuwa ya nini. Ukiwa unatumia risasi usizozijua, punguza kasi. Piga moja moja hadi uzoee mlio wake.

Kwa shotgani kuna mkasa unaofanana na huo, ingawa bei haihusiki. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa upana huwa mdogo. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa katika bunduki ya geji 12 huteleza, hupita chemba na kukwama mbele yake. Mtu anaona chemba tupu, anaweka ya geji 12, anafyatua. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Usichanganye geji hizo mfukoni hata kwa dakika moja.

## Imegongwa, haikulia

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na hapa ndipo ganda linapozungumza wazi zaidi. Ukishangoja na kuitoa risasi, tazama alama ya pini, ile ncha inayogonga kitako cha risasi.

Anza na .22 LR, risasi ndogo ya kaliba (yaani kipimo cha upana) ya .22, kwa kuwa ndiyo inayopigwa kwa wingi kuliko zote. Risasi hii haina fataki ya kipekee iliyopachikwa katikati ya kitako. Kemikali inayowasha huwekwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha husambazwa hadi ijae kwenye ukingo wake mzunguko mzima. Ikisambaa vibaya, hubaki sehemu ya ukingo isiyo na kitu, na pini ikigonga hapo hapalipuki. Kipimo chake ni rahisi: baada ya kungoja, izungushe risasi ili pini igonge upande mwingine, ujaribu tena mara moja. Ikilia, na alama ya kwanza ilikuwa nzito, kosa ni la risasi. Hata .22 za bei ghali hukataa mojamoja, kwa sababu ugumu umo katika namna zinavyotengenezwa. Za bei ya chini hukataa mara nyingi zaidi, basi.

Lakini alama ikiwa hafifu, imekwaruza tu, rudi kwenye bunduki. Springi ya nyundo imechoka, au ndani ya boliti, kipande kinachofunga nyuma ya chemba, mafuta yameganda na masizi yamejaa, pini ikawa inatembea kama mgonjwa. Kuna pia jeraha ambalo mwenye bunduki hujitengenezea: kufyatua .22 ikiwa tupu. Katika bunduki nyingi za zamani pini hufika hadi ukingo wa chemba na kuuchimba, na pale palipochimbwa chuma huinuka. Baada ya hapo risasi haikai sawasawa, na ukingo wake haupati mgongo wa kugongewa. Fundi hulirekebisha kwa kifaa kidogo. Kubadilisha aina ya risasi hakusaidii kitu.

Risasi zenye fataki ya katikati, kama 9mm au .223, zinasomeka kwa njia nyingine kidogo. Alama yenye kina, iliyo katikati, na bado haikulia: fataki mbovu, au imelowa. Alama hafifu: ama bunduki inagonga kwa unyonge, ama kikombe cha fataki ni kigumu. Fataki ngumu si ajabu katika risasi zilizotengenezwa kwa mtindo wa kijeshi, kwani zinakusudiwa bunduki ambazo pini yake huelea huru na inaweza kuigusa fataki kila boliti inapofunga. Sasa mtu akiwa na bastola aliyoiwekea springi laini ili kifyatuo kiwe chepesi, halafu akanunua boksi la fataki ngumu kwa kuwa lina punguzo, hakuna wa kulaumiwa pale isipokuwa ndoa yenyewe. Rudisha springi ya kiwandani au badilisha risasi.

Dalili moja hupotosha wengi: risasi inakataa mara ya kwanza, inalia mara ya pili palepale. Watu huita bahati. Mara nyingi fataki ilikuwa haijakaa hadi chini kwenye tundu lake. Pigo la kwanza lilitumika kuishindilia, la pili likaiwasha. Kabla ya kupakia, pitisha ncha ya kidole kwenye kitako cha risasi: fataki inapaswa kuwa sawa na kitako au chini yake kidogo. Ikijitokeza juu, iweke kando usiipige. Katika bunduki ya kujipakia, fataki iliyojitokeza inaweza kulipuka boliti inapofunga, kabla hujagusa kifyatuo.

Na mafuta. Mafuta mepesi ya kupuliza, yale yanayojipenyeza kila mahali, hujipenyeza pia kando ya fataki na kuiua. Risasi haipakwi mafuta, na magazini hufutwa yakauke kabla ya kupakiwa. Nimeona watu wakilaani kiwanda kwa kosa la chupa ya dawa ya kutu iliyokuwa mfukoni mwao.

Ukibaki na shaka, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati: bunduki ileile na risasi za boksi lingine, kisha boksi lilelile katika bunduki nyingine ya kaliba hiyohiyo. Ukibadilisha risasi, magazini na mafuta kwa pamoja, tatizo laweza kuondoka bila kukuachia jibu.

## Ganda limeng'ang'ania

Shaba ya njano ina tabia mbili zinazopendwa. Baruti inapolipuka hutanuka na kuziba chemba, kisha shinikizo likishuka hujirudi kidogo na kuachia. Chuma hakitanuki vizuri hivyo, kwa hiyo moshi hupenya kando ya ganda na kuacha masizi chembani.

Kutokana na hapo kukazuka maelezo maarufu kwamba rangi ya kuzuia kutu iliyopakwa ganda la chuma huyeyuka kwa joto na kuligandisha ganda. Mimi siyaamini, na mpangilio wa matukio unayapinga. Mtu hupiga maganda ya chuma mia moja bila shida, kisha anapakia ya shaba, na ni la shaba linalokwama. Masizi yaliyojengeka yameifanya chemba iwe nyembamba. Shaba inatanuka vizuri, inayakumbatia, na haitaki kutoka. Tiba ni brashi ya chemba, ipitishwe kabla hujahama kutoka chuma kwenda shaba. Hakuna haja ya kukwangua rangi.

Umbo nalo lina sehemu yake. Ganda la 7.62×39 limechongoka waziwazi kuelekea mbele, kwa hiyo likisogea nyuma kidogo tu linakuwa limeachana na kuta za chemba. La .223 lina kuta zilizonyooka zaidi, na likiwa la chuma halisamehe chemba chafu au yenye mikwaruzo. Ukisikia mtu anasema chuma hakina shida na mwingine anasema ni balaa, waulize kwanza wanapiga kaliba gani.

Kwa shotgani, geuza risasi utazame kitako kinachong'aa kama shaba. Kisogezee sumaku. Risasi nyingi za bei nafuu za kupigia visahani zina kitako cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Hutanuka na hakirudi vizuri, na katika chemba iliyobana au yenye ukwaru utahitaji nguvu kuivuta. Wakati mwingine kusugua chemba kwa brashi ya shaba hadi ing'ae kunamaliza tatizo. Bunduki nyingine zinabaki kuzikataa daima, na hapo nunua aina nyingine. Kupigana na bunduki hakuna faida.

.22 LR huleta nta na masizi ambavyo kwa pamoja hufanya pete ngumu mbele ya chemba. Ukianza kuona risasi haziingii hadi mwisho bila kusukumwa kwa kidole, pete imeshakuwa nene.

Onyo moja kabla hujachukua fimbo ili ulisukume ganda lililokwama kutoka mdomo wa mtutu: hakikisha limekwisha kulia. Risasi nzima iliyokwama haisukumwi kwa fimbo kutoka mbele, kwa maana kiganja chako kitakuwa mbele ya mtutu. Mwite msimamizi wa uwanja au uipeleke kwa fundi, mtutu ukielekea mahali salama njia nzima.

## Inalia, lakini haijipakii

Tazama maganda yanaangukia wapi. Yakiruka mbali kama siku zote, nguvu inatosha, na tatizo linaelekea kwenye magazini. Yakidondoka miguuni, au moja likabaki limesimama limebanwa na boliti, bunduki haipati msukumo wa kutosha.

Risasi za mazoezi za 9mm mara nyingi huwa laini. Katika bastola mpya yenye springi nzito, au mkononi mwa mtu asiyekaza kifundo, zinashindwa kurudisha slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayokwenda na kurudi, hadi nyuma. Shotgani za kujipakia zina kisa hichohicho na risasi za gramu 24, uzito wa marisaa unaotumika katika Olimpiki: nyingine huzila bila neno, nyingine zilitengenezwa kwa mizigo mizito na hazitaki. Bunduki nyingi za .22 zinazojipakia hutaka risasi za kasi ya juu, takriban mita 370 hadi 390 kwa sekunde, na husuasua zikipewa za kasi ya kawaida, ya 320 hadi 330. Soma boksi kabla ya kulaumu.

Kuhusu magazini, yaandike namba kwa rangi. Likigoma namba 3 peke yake, umeshamaliza uchunguzi.

## Matundu yametawanyika

Bunduki inafanya kazi vizuri, ila karatasi inasikitisha. Hapa bei ya chini hujionyesha kuliko mahali pengine popote, na hapa pia ndipo watu hujidanganya zaidi.

Chunguza umbo la mtawanyiko. Matundu yakijipanga wima, juu na chini katika mstari, mshukiwa wa kwanza ni kasi isiyolingana. Hesabu yake si ngumu. Risasi ya .22 inayotoka kwa mita 320 kwa sekunde hufika mita 50 ikiwa imeanguka karibu sentimita 12. Nyingine ya boksi hilohilo ikitoka kwa mita 330, huanguka pungufu kwa milimita 7 hivi. Kwa mita 50 unaweza usijali. Kwa mita 100 tofauti hiyohiyo ya mita 10 kwa sekunde inakuwa karibu sentimita 3, hata kabla ya kuhesabu ukinzani wa hewa. Boksi ambalo kasi yake inayumba kwa mita 30 kwa sekunde litakutengenezea mstari wima wa karibu sentimita 9, na hakuna ustadi wa kupumua utakaoufupisha. Kipima kasi kidogo cha kuweka mbele ya meza kitakuonyesha jambo hili kwa risasi kumi tu. Usitazame wastani ulioandikwa kwenye boksi, tazama umbali kati ya ya haraka kuliko zote na ya polepole kuliko zote.

Mtawanyiko wa kulala, kushoto na kulia, huwa ni upepo au kidole chako. Mtawanyiko wa mviringo usio na mpango unaelekeza kwenye vichwa visivyo sawa kwa uzito au umbo, au mtutu mchafu, au skrubu za darubini zilizolegea. Skrubu hizo zimesingiziwa kuwa "risasi mbovu" mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Zikaze kwanza, ni kazi ya dakika moja.

Kuna mtego wa kasi ya juu. Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi ya .22 ya mita 380 huanza ikiwa juu ya sauti, hupunguza mwendo njiani na kushuka chini ya mpaka huo kabla ya kufika mita 100, na hapo hutikisika. Kwa umbali huo, risasi ya kasi ya kawaida, ambayo kutwa huruka chini ya sauti, mara nyingi hukusanya matundu vizuri kuliko ile iliyoandikwa maneno makubwa ya nguvu. Katika rafu ya bei nafuu, hili ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa anayepiga karatasi.

Ukibadilisha aina ya .22, usiihukumu kwa risasi tano za mwanzo. Nta ya aina ya zamani bado imo mtutuni. Piga kama ishirini ipate kutulia, ndipo uanze kuhesabu matundu. Na usihesabu makundi ya matundu matatu. Matatu yanaweza kugusana kwa bahati hata kwa risasi hovyo. Kumi huwa hayadanganyi sana.

Halafu kuna namba ya toleo, ile iliyopigwa muhuri kwenye ubavu wa boksi. Jina na rangi ya boksi vikiwa vilevile, toleo la mwezi huu laweza kupishana na la mwaka jana waziwazi. Ukipata toleo ambalo bunduki yako imelipenda, rudi dukani ununue la namba hiyohiyo kabla halijaisha.

## Kutu iliyokuja baada ya siku mbili

Umesafisha, umepaka mafuta, ukafungua kabati na kukuta mtutu umeota kutu ya kahawia. Swali la kwanza: risasi zilikuwa za ziada ya jeshi, za miongo ya nyuma? Fataki nyingi za zamani zilitumia kloreti ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani. Mafuta hayayeyushi chumvi. Unaweza kupaka lita nzima na chumvi ikakaa salama chini yake.

Maji ndiyo dawa. Maji moto yapitishwe mtutuni na chembani, na katika bunduki zinazotumia gesi yafike hadi kwenye pistoni na bomba la gesi, kisha kausha kabisa, ndipo usafishe kama kawaida na kupaka mafuta. Fanya siku hiyohiyo. Hili si gumu, na mtu aliye tayari kuosha anaweza kufurahia risasi hizo bila hasara.

Wengine huamini kwamba fataki ya aina ya Berdan, ile ambayo ganda lake lina vitundu viwili ndani badala ya kimoja cha katikati, ni alama ya fataki inayoleta kutu. Si lazima. Maganda mengi ya kisasa ya chuma na alumini yana Berdan na hayaleti kutu. Soma boksi, na kama halisemi lolote, osha kana kwamba yanaleta.

## Alama zinazokuambia uache

Fataki iliyobapazwa hadi kingo zake kupotea, alama ya kung'aa ya chuma iliyochapwa kwenye kitako, ganda lililovimba juu kidogo ya kitako, au moshi uliovuja kuzunguka fataki: hizo ni dalili za shinikizo lililozidi. Moja pekee inaweza kuwa tabia ya bunduki. Mbili kwa pamoja, boksi lifungwe.

Chanzo kimojawapo unaweza kukigundua kwa macho. Katika risasi za bei nafuu shingo ya ganda huenda haijakikaza kichwa vizuri. Ukiipakia na kuitoa risasi hiyohiyo mara kadhaa, kichwa hugonga njia ya kuingilia na kuzama ndani kidogokidogo. Nafasi ya baruti hupungua, shinikizo hupanda, na katika kaliba ndogo kama 9mm milimita chache ni nyingi. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya ya boksi hilo. Ikiwa fupi kwa kuonekana, haipigwi.

Shingo iliyopasuka kwa urefu katika shaba ya zamani huwa ni uzee wa shaba yenyewe. Ufa ulio karibu na kitako ni jambo jingine na hauvumiliwi.

Kuhusu risasi zilizojazwa upya, yaani ganda lililotumika likatiwa baruti na kichwa kingine, msimamo wangu ni mkali kidogo. Baruti ya bastola huchukua nafasi ndogo ndani ya ganda, kiasi kwamba katika ganda la .38 Special vipimo viwili vinaingia bila kumwagika, na kwa nje huoni tofauti. Kiwanda chenye leseni kina mizani na ukaguzi. Mfuko wa plastiki kutoka kwa mtu usiyemjua hauna. Rahisi ghali.

Hakikisha pia kaliba iliyoandikwa kwenye ganda inalingana na iliyochongwa kwenye mtutu, neno kwa neno. 5.56 NATO inaingia katika chemba ya .223 Remington, lakini mahali mifereji ya ndani ya mtutu inapoanzia mbele ya chemba hizo mbili hapafanani, na shinikizo laweza kupanda kupita kiasi.

## Uwanja umezikataa

Msimamizi akisogeza sumaku kwenye ncha ya risasi yako na ikanata, kichwa kina chuma ndani yake, mara nyingi ni lile vazi la chuma laini lililopakwa shaba. Huharibu shabaha za chuma na ukuta wa nyuma, na hutoa cheche zinazoweza kuwasha majani makavu. Usibishane naye. Jaribu mwenyewe kabla ya kununua, na ujaribu kwenye ncha, kwa kuwa ganda la chuma litaivuta sumaku hata kama kichwa ni safi.

## Boksi jipya linapimwaje

Tazama kwanza kama boksi lina alama ya CIP, tume ya kimataifa iliyoanza 1914, ambayo katika nchi wanachama risasi haziuzwi bila kupimwa. Marekani wanafuata viwango vya SAAMI, chombo cha watengenezaji kilichoundwa 1926, na kule kufuata ni hiari, ingawa viwanda vikubwa vinafuata. Boksi lisilotaja lolote kati ya hivyo wala namba ya toleo silinunui, hata liwe na bei gani.

Kisha kuna suala la wingi. Mtu hupiga 50, zote zinalia, anatangaza kwamba risasi ni nzuri. Kihesabu, kutokuona kosa katika 50 bado kunaruhusu kiwango cha makosa cha hadi karibu 6 kwa 100. Kanuni ya haraka ni kugawa 3 kwa idadi uliyopiga. Ili uwe na haki ya kusema makosa hayafiki 1 kwa 100, unahitaji kama 300 zisizo na doa. Kwa anayepiga makopo kwa raha, moja kwa mia ni usumbufu mdogo, nami ningelipa bei hiyo bila kinyongo. Kwa siku ya mashindano, nunua za ghali na utumie hizi kwa mazoezi.

Risasi zilizokataa usizifungue wala kuzitupa kwenye takataka za nyumbani. Viwanja vingi vina chombo maalumu cha kuziweka. Kama zimekuwa nyingi katika toleo moja, lete boksi lenyewe dukani likiwa na namba yake, pamoja na risasi mbili tatu zenye alama ya pini, kwa kuwa muuzaji na kiwanda hawawezi kufuatilia lalamiko lisilo na namba. Halafu nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula. Moshi wa fataki na vumbi la vichwa vina madini ya risasi, iwe boksi lilikuwa la bei nafuu au la bei ya juu.